Mkemia Aliyekataa Chai Yetu

Watu wakimtaja Mkemia mbele yangu, kwanza hunitazama usoni waone kama nitatukana. Situkani tena. Nimeshatukana vya kutosha, mara nyingi nikiwa peke yangu zizini, na ng'ombe hawajawahi kuniambia kama ilisaidia. Huyu ndiye aliyeharibu maji ya kisima chetu. Ndiye pia aliyekuja kutuambia kwamba yameharibika, wakati wakubwa zake walikuwa wamekaa kimya. Mambo hayo mawili ni ya mtu mmoja, na mimi mpaka leo sijui lipi niliweke mbele.

Kwao sikujui na sikuwahi kuuliza. Alikuwa Mchaga, hilo ulilisikia akifungua mdomo tu, na alikaa Usa River na mke na binti mmoja. Jina lake analo, ila sisi wa huku upande wa Kisongo tulimwita Mkemia kwa sababu mlinzi wa getini kwao alimwita hivyo, na likanata. Hata mkewe, nilivyokuja kumfahamu baadaye, alimwita Mkemia siku akimkasirikia.

Kazi yao ilikuwa kwenye kiwanja chenye ukuta, juu yetu kidogo, mahali palipokuwa ghala la mahindi. Malori yalileta mawe kwenye magunia kutoka kusini mwa nchi, na sisi majirani tukaamini kabisa kwamba ni dhahabu. Vijana wakawa wanapita pita ukutani wakiokota kokoto. Mkemia aliwafukuza kwa sauti ambayo hungeitegemea kwa mtu mwembamba vile.

Mimi nilimjua kupitia suruali. Nashona, cherehani yangu ipo barazani, na yeye alikuwa mteja wa kudumu kwa sababu asidi ilimtoboa nguo. Vitundu vidogo vidogo, mapajani na kwenye pindo, vimezungukwa na rangi ya kutu. Nikimwambia anunue nyingine, anasema hii bado nzima. Nzima! Suruali ilikuwa viraka vimeshikana mikono. Siku moja nilimuuliza hasa anafanya nini huko ndani, akakaa kwenye kigoda akanieleza kwa utaratibu wake ule wa kumuelekeza mtu njia.

"Unasaga jiwe mpaka liwe unga," akasema. "Unautia unga kwenye pipa la maji, unaongeza asidi, ileile ya kwenye betri ya gari. Unakoroga kutwa nzima. Asidi inaingia kwenye ule unga, inaitoa urani, ndiyo madini tunayoyatafuta, mchanga inauacha. Ukichuja, urani imo kwenye maji. Halafu unaitoa kwenye maji, unabaki na unga wa njano."

"Njano gani?"

"Kama bizari."

"Kumbe mnapika."

"Tunapika, mwanangu. Ila usije ukaonja."

Alicheka mwenyewe, kicheko cha puani. Ndio utani pekee niliowahi kumsikia akiutunga, na aliurudia mpaka ukachosha.

Alikuwa mwoga wa ajabu. Si wa asidi. Hiyo aliibeba kwenye madumu akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani, tena kwa sauti isiyo sahihi. Aliogopa ng'ombe. Tulikuwa na jike moja jeupe, mpole mpaka watoto wanamlalia, na Mkemia akimwona anazunguka nyumba nzima apite upande wa pili. Mama yangu, yeyo kama tunavyowaita mama zetu huku, alikuwa akimfungulia makusudi akimwona anakuja. "Mwache amzoee," anasema, huku machozi ya kicheko yanamtoka. Yeyo alimpenda Mkemia. Hilo lisemwe mapema.

Na alikuwa mtu wa kupima. Ukimwambia kesho mvua, anajibu hajui. Ukimuuliza kama mchuzi umekolea chumvi, anaonja, anafikiri, unachoka kusubiri. Neno lake lilikuwa "sijui mpaka nipime," na alilisema hata kwenye mambo yasiyopimika. Dada mmoja wa kanisani kwetu alimuuliza kama mchumba wake anamfaa, naye akamjibu vilevile kwa uso mkavu. Ndiyo maana lililotokea bado linanitatiza. Mtu wa namna hiyo, siku moja tu, hakupima kilichotakiwa.

Nieleze vizuri, maana hapa watu huchanganya. Wakishatoa urani yao, hubaki maji machafu yenye asidi, na ndani yake urani kidogo imebaki. Maji hayo hayamwagwi hivihivi. Utaratibu wao ulikuwa kuyatia chokaa. Chokaa inaua ukali wa asidi, na ile urani iliyobaki inajikusanya, inazama chini kama tope. Tope wanalifungia kwenye mapipa, linarudishwa lilikotoka. Maji ya juu yanamwagwa kwenye shimo nyuma ya ukuta.

Masika ya mwaka ule barabara ilikatika na chokaa haikufika. Mapipa yamejaa, wageni wa kampuni wanakuja kukagua, wakubwa wanapiga simu. Mkemia akasimama pale uani akawaza kama mtu wa huku anavyowaza. Kitu gani kinaua uchachu? Nani asiyejua? Nyumba zote za Arusha, makande yakikataa kuiva, unatia magadi. Ukitia magadi kwenye kitu kichachu kinatoa povu, povu likiisha uchachu umeisha. Akatuma gari sokoni Kwa Mrombo, likarudi na magunia ya magadi yale ya mabonge, akina mama sokoni wanashangaa ni shughuli gani hiyo ya kupikiwa makande kiasi hicho.

Wakatia. Povu likapanda, likashuka. Akapima ukali kwa karatasi yake, karatasi ikamwambia safi. Maji yakatulia, meupe, mazuri kuliko yale ya chokaa. Wakayamwaga shimoni, na wakaendelea hivyo masika yote.

Kosa lilikuwa hapo. Magadi yanaua asidi kweli, lakini urani hayaizamishi. Yanaishika yenyewe, inabaki ndani ya maji, haionekani wala hainuki, na maji yakienda nayo inaenda. Mkemia aliniambia baadaye kwamba ziko sehemu duniani wanatumia magadi hasa kutoa urani kwenye jiwe, badala ya asidi. Alilijua hilo tangu chuoni. "Nilikuwa nalijua," akawa anasema, anajigonga paji la uso kwa kiganja. "Siku ile niliwaza kama mpishi." Na kisima chetu kilikuwa chini ya lile shimo, ukingoni mwa korongo.

Hili la magadi, nasema kweli, nilimsamehe zamani. Nani hajawahi kuharibu kitu kwa haraka? Mimi mwenyewe nimeshawahi kukata kitambaa cha harusi kinyume. Kama ingekuwa hilo tu, leo ningekuwa nasimulia habari za jike jeupe na tungecheka.

Ni chai.

Mkemia alikuwa akija Jumamosi kuchukua suruali zake, na yeyo alimpa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Hakuuliza kama anataka. Kwetu mgeni haulizwi, anapewa, na asipokunywa umejua kuna neno. Alikunywa siku zote, akalamba na mdomo. Halafu masika yakaisha, na Jumamosi moja akasema ametoka kunywa. Ya pili akasema tumbo linamsumbua. Ya tatu akapokea kikombe, akakishika mpaka kikapoa, akakiweka chini ya kigoda kikiwa kimejaa.

Yeyo aliumia. Baada ya yeye kuondoka aliniuliza, "Nimemkosea nini huyu baba?" Nikamwambia labda maziwa yana moshi. Basi akawa anasugua kile kibuyu cha maziwa kwa majivu mpaka mikono inachubuka, anakifukiza upya, anabadilisha majani ya chai, anatafuta kosa lake. Mkemia anakuja, anakataa. Anatuangalia sisi tunakunywa. Ana macho ya mtu mwenye homa, na mimi mjinga nikamshauri akapime malaria.

Kumbe alishachota maji ya kisima chetu kwenye chupa, kama walivyofanya kila baada ya mvua, na alishapima. Alijua. Wakubwa wakamwambia asubiri wapime mara ya pili, halafu wageni waondoke, halafu barua fulani itoke juu. Akasubiri. Tulipanda maharage, tukayavuna, tukayapika kwa maji yale, na bado alikuwa anasubiri.

Siku aliyokuja kusema, hakuja na suruali. Alikuja kwa miguu, asubuhi, koti lake la kazi hana, na mkononi ameshika jani la isale. Wanaowajua Wachaga wanajua jani lile. Mtu akikukosea kosa kubwa akakuletea isale, anaomba radhi, na kulikataa ni jambo zito sana kwao. Yeyo ni Mwarusha, hizo si mila zake, lakini amekaa na Wachaga kanisani miaka na miaka. Alivyoona lile jani tu, alisimama.

"Mama, shikamoo," akasema Mkemia.

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Maji yenu msinywe tena. Yana madini, na mimi ndiye niliyeyatia."

Yeyo akacheka. Jamani, alicheka! Akafungua mdomo akamwonyesha meno yake ya kahawia, meno ya watu wa huku. "Maji ya huku yote yana madini, baba. Tumezaliwa nayo. Hilo ndilo lililokufanya ukatae chai yangu?"

Mkemia hakucheka. Akaeleza yote, mapipa, magadi, shimo, akakazia kwamba haya si madini ya meno, haya yanakaa kwenye figo. Akaenda mwenyewe kisimani akaondoa kamba na ndoo. Yeyo akapokea isale, akalichomeka kwenye nguzo ya baraza, akamwambia, "Yamekwisha." Kwake yalikwisha kweli. Mkemia akalia pale barazani kwa sauti, mtu mzima, na mimi nimesimama na mkasi mkononi nahesabu kichwani ni lini alianza kukataa chai.

Alifukuzwa kazi wiki ileile. Kampuni ikaleta tangi la maji, ikaondoa mapipa yake, ikafunga geti, na baadaye hata mlinzi akaondoka. Aliyebaki ni Mkemia. Alipata kazi ya kupima maji ya mashamba ya maua huko Usa River, na kila mwisho wa juma alivuka mji mzima kuja kwetu kuangalia kama tangi lina maji na kuchota chupa yake kisimani apeleke kupima. Alijifunza mpaka kupita karibu na jike jeupe, ameshikilia pumzi.

Nami nilimtumia. Nisijifanye mwema. Bati likitoboka, namwita Mkemia. Sindano za cherehani nikizikosa Kisongo, Mkemia ataleta za mjini. Sikuwahi kumwambia asante, na yeye hakuonyesha kuitaka. Niliona jinsi anavyoshtuka nikimwita jina kwa sauti kali, nikawa namwita kwa sauti kali hata kama shida ni ndogo. Yeyo alinigombeza. "Mwenzio alishaomba radhi," akasema. "Wewe unamdai nini?" Ningemwambia nini? Kwamba aliomba radhi ya magadi, ila ile ya kukaa hapa anatutazama tunakunywa hajaiomba? Yeyo hakuwa anajua kuhesabu mambo namna hiyo, na sikutaka kumfundisha.

Yeyo aliugua figo baadaye. Daktari alituambia presha ilikuwa imemkaa mwilini miaka mingi bila dawa, na presha huharibu figo. Tukamuuliza na yale maji je? Akasema hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema hapana. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Hakuna mtu anayejua, na hakuna chombo cha kupimia.

Msibani kwa yeyo, mchungaji alipotoa nafasi ya salamu za mwisho, Mkemia akasimama kati ya waombolezaji wote. "Mama huyu nimemuua mimi," akasema. Watu wakaguna. Akaanza habari ya asidi na chokaa na magadi, mbele ya jeneza, mpaka mzee wa kanisa akamshika mkono akamkalisha. Wanawake wakamhurumia, wakasema mwanaume gani huyu mwenye moyo, wangapi wangesimama hivyo. Mimi nilitetemeka kwa hasira mpaka wakadhani ni uchungu wa msiba.

Maana hakuwa na uhakika hata kidogo kwamba alimuua. Yeye, mtu wa sijui mpaka nipime! Lile asilolijua alilibeba mbele za watu kwa sauti kubwa. Lile alilolijua, la zile Jumamosi, halikutoka mdomoni mwake pale msibani wala siku nyingine yoyote. Baadaye nikasikia amelisimulia la magadi kanisani kwao, na kwa vijana wa mashamba ya maua, na kwa yeyote aliyekaa naye. Kila mara anaanza na jiwe, anaishia na figo. Katikati, miezi ile haipo.

Basi nikaacha kumpigia simu. Alikuja mara mbili tatu, nikajifanya nimekwenda sokoni, nimejifungia ndani nasikia anavyozunguka kwenye kisima. Akaacha kuja. Nilidhani nitapata nafuu. Badala yake nikawa kila nikikaa kwenye cherehani nasikia sauti ya yeyo, unamdai nini, unamdai nini. Nilijisikia vibaya kwa ajili yake, halafu nikajikasirikia kwa kujisikia vibaya. Ukorofi wa namna hii hauna dawa.

Mwezi uliopita binti yake alinipigia. "Dada, baba haamki vizuri siku hizi. Miguu imevimba. Anakutaja." Nikasema nitaona. Nikakaa na hilo siku chache, halafu nikafunga cherehani nikaenda Usa River.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi juani, mwembamba zaidi ya alivyokuwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono miwili, na hakungoja hata nikae vizuri.

"Mwanangu, masika yale chokaa haikufika," akaanza. "Mapipa yamejaa, nikawaza kama mpishi..."

"Hiyo naijua," nikasema.

"Nikatuma gari Kwa Mrombo..."

"Mkemia. Hiyo naijua, na yeyo alishakusamehe, na kama alikufa kwa maji au kwa presha wewe hujui na mimi sijui. Sikuja kwa ajili ya hiyo. Niambie ile nyingine."

Sauti yangu ilikuwa ileile kali, sikuweza kuizuia. Binti yake alikuwa anaanika nguo, akaziacha akaingia ndani. Mkemia akatazama mikono yake. Nikadhani atasema hakuna nyingine, na nilikuwa tayari kusimama niondoke moja kwa moja.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Majibu yalipotoka nilijua, na sikusema. Niliogopa kazi itaniponyoka. Nikawa nakuja kwenu ili nione kama bado mko wazima."

Akavuta blanketi mpaka kifuani.

"Kuna siku moja hujui," akasema. "Wewe ulikuwa umekwenda sokoni Kisongo. Nilipita njia ya korongoni nikamkuta mama yako kisimani, ndoo imejaa, anatafuta mtu wa kumtwisha. Nikamwamkia. Akasema afadhali umekuja, baba, mgongo unaniuma." Akatazama tena mikono yake. "Nikamtwisha. Nilishika ile ndoo kwa mikono hii, najua kilichomo, nikaiweka kichwani kwake. Akaniombea baraka. Nikasimama nikamtazama mpaka akaingia ndani."

Nililia. Sikupanga kulia mbele yake, miaka yote nilijizuia, lakini nilimwona yeyo akipanda ule mwinuko na maji yake, ameridhika kwamba amepata msaada. Mkemia naye analia. Hapakuwa na wa kumnyamazisha mwenzake. Mkewe akachungulia dirishani, akarudi ndani.

Tulipotulia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Utanisamehe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anaona, neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mtu huyu alikuwa amenipa kitu cha kweli kwa mara ya kwanza, na sikuweza kumlipa kwa uongo.

"Bado," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama vile hilo ndilo jibu alilolitegemea. Nikasimama, nikamvutia blanketi likafunika miguu yake vizuri maana jua lilikuwa limehama. Nilikuwa nimeshafika getini nikageuka.

"Nitakuja tena Jumamosi," nikasema. "Uwe hai."